Ekari nne za marehemu baba: nirudi kijijini Amani au nibaki Tanga mjini?

SWALI: Bwana shamba, shikamoo. Nina miaka 29, ni fundi simu hapa Tanga mjini, naishi Mikanjuni. Baba alifariki mwaka jana na hitima tumeshasoma. Ameacha shamba la ekari nne kijijini kwetu, tarafa ya Amani, Muheza. Nusu lina iliki ya zamani na pilipili manga, nusu limeota pori. Mama yuko huko peke yake. Tumezaliwa wanne, wa kiume wawili na wa kike wawili. Nina akiba ya shilingi milioni tatu na nusu. Mke wangu ana genge, mtoto anaanza darasa la kwanza mwakani. Wapo wanaoniambia viungo vinalipa, wapo wanaonicheka kwamba huko mlimani hakuna maisha. Baba mdogo naye anasema ardhi ile ni ya ukoo. Nirudi?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole kwa kufiwa. Milima hiyo naijua kwa miguu. Nimepanda na kushuka huko nikiwa bwana shamba mpaka nikastaafu, na hata sasa nina kipande changu upande wa Muheza. Nitaanza na jambo ambalo hukuliuliza.

Ekari nne si zako. Umesema hitima imesomwa, kwa hiyo nachukulia mirathi itakwenda kwa sheria ya Kiislamu. Kama babu na bibi wazaa baba walishatangulia, na mama yako ndiye mjane pekee, yeye ana thumuni, yaani sehemu moja ya nane, ambayo hapa ni nusu ekari. Zinabaki tatu na nusu. Wa kiume anahesabiwa mafungu mawili na wa kike moja, jumla mafungu sita. Wewe na kaka yako kila mmoja anapata ekari moja na kitu, hata moja na robo haifiki. Dada zako kila mmoja zaidi kidogo ya nusu. Hilo ndilo shamba unaloulizia kama ulirudie.

Sikutishi. Ekari moja ya viungo mlimani ikitunzwa ni mali. Lakini nimeona vijana wakirudi, wanafyeka shamba zima, wanapanda karafuu mpaka ukingoni mwa mto, na miaka sita baadaye, miti inapoanza kuchanua, dada anashuka kwenye gari na mumewe kuulizia fungu lake. Kwetu mti ni ushahidi. Ndiyo maana mtu akikuazima shamba hukwambia panda mahindi, panda muhogo, usipande mti. Mpanda mti anahesabiwa kuwa ameweka mguu. Ukipanda mkarafuu kwenye fungu la dada yako bila maandishi, wewe utaona umemtunzia na yeye ataona umemdhulumu, na wote wawili mtakuwa na mashahidi.

Kwa hiyo, kabla hujanunua jembe, kaeni kikao cha familia muandike muhtasari mkimpendekeza msimamizi wa mirathi. Chukueni cheti cha kifo na barua ya mtendaji wa kijiji, mpeleke maombi Mahakama ya Mwanzo. Mahakama itatoa tangazo, na asipotokea mwenye pingamizi itamteua msimamizi. Kama mtaamua kutokata shamba vipande vipande (na mimi nisingelikata, mteremko ule ukiukata mara tano hakuna atakayepata la maana), basi andikeni kwamba wewe unalisimamia kwa miaka kadhaa, wenzako wanapata sehemu fulani ya mavuno, na miti utakayopanda ni ya nani. Mtendaji apige muhuri. Mkishamaliza hayo, na kama kijiji chenu kina mpango wa matumizi ya ardhi, ombeni hatimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Majina ya dada zenu yaingie humo. Sheria hiyo inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume, na halmashauri ya kijiji haina mamlaka ya kuwaacha nje kwa sababu eti wameolewa.

Kuhusu baba mdogo, usikimbilie kumwita mwongo. Muulize jambo moja kwa adabu, mbele ya wazee: je, shamba la babu liligawanywa babu alipofariki, au baba yako alibaki akilima tu kwa kuwa ndiye aliyebaki kijijini? Kama liligawanywa na mipaka wazee wanaijua, hana hoja. Kama halikugawanywa, ana hoja, na ni heri kuijua leo. Baraza la ardhi la kijiji litawasuluhisha. Kazi yake ni usuluhishi, haliamui kesi, lakini wanaokaa pale ndio waliokuwa wakilima jirani na babu yako.

Kisha tembea mpaka kwa mpaka. Umesema nusu ya shamba limeota pori. Mlima wetu una Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyotangazwa 1997, na vijiji vingi vimepakana nayo. Wakulima waliokuwa na iliki ndani ya msitu wa Derema walitolewa miaka ya 2000 wakalipwa fidia, na wengi mpaka leo wanaona fidia haikulingana na iliki waliyoiacha. Hakikisha pori lako liko upande wenu wa bikoni, zile alama za mpaka. Nenda na jirani wa kila upande na mzee mmoja anayekumbuka.

Haya, sasa fedha.

Watu wanaosema viungo vinalipa hawadanganyi. Wanaosema hakuna maisha nao hawadanganyi. Kijijini fedha huja kwa mkupuo, halafu hukauka miezi. Ndiyo tofauti kubwa na kazi yako ya simu, ambapo hata siku mbaya unaondoka na hela ya unga. Mkulima wa iliki anaweza kushika kwa msimu mmoja fedha ambayo fundi simu haioni kwa miezi mitatu, na mtu huyohuyo masika ikichanganya anakopa sukari dukani. Karibu wote niliowaona wakirudi na kushindwa walikuwa na mtaji wa kupanda. Hawakuwa na mtaji wa kungoja.

Angalia muda wenyewe. Iliki ukipanda leo utaanza kuvuna mwaka wa tatu. Pilipili manga vivyo hivyo, mwaka wa tatu, na inanoga baadaye. Mdalasini unakatwa baada ya miaka miwili mitatu, halafu shina linachipua tena, na magome hubanduka vizuri wakati wa mvua. Karafuu ni miaka mitano mpaka saba, tena ina tabia ya kuzaa sana mwaka huu na kukupuuza mwaka unaofuata. Milioni tatu na nusu, ukitoa nauli, miche, vibarua wa kufyeka na palizi mbili, haifiki mwaka wa tatu huku mtoto anasoma.

Na bei hungojei peke yako. Hapa nina kovu langu. Mwaka 2015 pilipili manga ilikuwa na bei ambayo sijawahi kuiona. Nikiwa bwana shamba mzima, niliyewaambia watu miaka yote wasipande kwa kuangalia bei ya leo, nikapanda miche mia nne. Ilipoanza kuzaa vizuri, bei ilikuwa imeanguka. Wavietinamu, ambao ndio wauzaji wakubwa wa pilipili manga duniani, nao waliiona bei ileile wakapanda mashamba kwa mashamba, na mzigo wao ukaingia sokoni pamoja na wangu. Mke wangu alinihesabia kila mche. Mwaka 2019 iliki nayo ikapanda kwa sababu mafuriko ya 2018 huko Kerala, India, yaliharibu mashamba yao. Aliyekuwa na iliki iliyokwisha kukomaa alinunua bati. Aliyekimbilia kupanda siku hiyo alichelewa. Shamba la viungo linataka mchanganyiko, ili bei ya Kerala na ya Vietnam zisikukute na kitu kimoja tu mkononi.

Kwa hiyo usianze kwa kupanda. Anza na kile ambacho baba amekiacha, maana kina miaka ndani yake tayari. Iliki ya zamani huenda imechoka. Kwetu shina likifika miaka saba nane udongo unakuwa umeliwa na mavuno yanashuka, na watu wamezoea kuiacha na kufyeka msitu mpya, jambo ambalo sasa haliwezekani wala halifai. Ng'oa mashina yaliyozeeka kidogo kidogo, si yote, gawanya vizizi vyenye afya, rudisha majani na samadi, na punguza kivuli mahali kilipozidi. Iliki haitaki jua kali wala haitaki giza. Ukisimama chini ya mti mchana, ardhi iwe na madoa ya jua na kivuli karibu nusu kwa nusu. Pilipili manga itazame chini kwanza: kama maji yanatuama, mizizi inaoza na majani yanakuwa ya njano hata ukiweka mbolea ya dhahabu. Chimba mtaro. Kupogolea mikabela, miti inayoibeba, ni kazi ya siku chache na inaonekana kwenye mavuno.

Halafu kuna jambo ambalo mtu wa mjini mwenye akili ya biashara anaweza kuwashinda waliokaa huko miaka yote, nalo ni kukausha. Pilipili manga mbichi kilo tatu hutoa kilo moja kavu. Iliki inahitaji kilo nne mpaka tano mbichi. Mchuuzi anayepanda na pikipiki kununua mbichi anajua hesabu hiyo kuliko muuzaji. Watu wanauza mbichi kwa sababu tatu: shida ya leo, wezi, na jua. Wezi ni kweli, wako. Mtu anaona punje hazijakomaa anavuna tu, akiogopa kuamka akute mashina matupu, na punje changa ikikauka inakuwa nyepesi kama makapi. Jua nalo, Amani inapata mvua ya wastani wa milimita 1,900 hivi kwa mwaka, na wakati wa masika unaweza kukaa wiki nzima huoni kivuli chako.

Tengeneza vichanja vya wavu vilivyoinuliwa kutoka chini, na karatasi ya nailoni ya kufunika mvua inapokuja. Pilipili ivunwe pale punje moja mbili kwenye kichala zinapoanza kuwa nyekundu, zipukuchuliwe, zichovywe kwenye maji ya moto kama dakika moja, kisha zianikwe. Zitakuwa nyeusi sawasawa. Ile inayoanikwa chini kwenye uwanja inabeba mchanga, manyoya na zawadi za kuku, na mnunuzi mkubwa akiiona anakata bei ya gunia zima. Iliki usiichome juani, inapauka. Ikaushe kivulini penye hewa au kwenye chumba chenye joto dogo, ibaki kijani, maana kijani ndiyo bei. Nunua mizani yako mwenyewe. Ukiwa na mizani nyumbani, mchuuzi anapima yake kwa heshima zaidi, sijui kwa nini.

Kama kuna AMCOS hai karibu, yaani ushirika wa wakulima wa kuuza mazao, jiunge, ila kwanza waulize wanachama wawili lini mara ya mwisho walilipwa na baada ya siku ngapi. Ushirika mzuri unauza mzigo mkubwa kwa mnunuzi mkubwa. Ushirika mbovu ni ofisi yenye kalenda ukutani. Mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ipo, asilimia 4 ikiwa ya vijana, lakini inatolewa kwa vikundi, na mimi nisingekushauri ukope kupanda zao la miaka mitatu. Ukope kununua na kukausha ukishajua soko.

Sasa ya mke na mtoto, maana umeyataja mwishoni kama vile ni madogo.

Mke wako asifunge genge. Genge hilo ndilo litakalowalisha miezi ya kungoja, na zaidi ya hapo, wewe utakuwa huko kwenye ndizi na magimbi. Wakulima wa mlimani wanauza mkungu kwa bei ya kutia huruma kwa sababu anayeubeba mpaka mjini anajua hawana njia nyingine. Wewe una genge lako Mikanjuni. Pakia mikungu kumi na gunia la magimbi mara moja kwa wiki, mpigie simu, apokee stendi. Piga hesabu ya nauli ya mzigo kwanza, kwa daftari, wiki nne, kabla ya kujisifu. Wakati wa masika barabara ikiteleza gari linaweza lisishuke siku mbili, na ndizi haisubiri, kwa hiyo miezi hiyo peleka kidogo au peleka mbichi kabisa.

Mtoto aanze shule mjini, akae na mama yake, mwaka wa kwanza huo. Shule za huko zipo na ada ya msingi haipo, ila kuna mahali mtoto wa miaka saba anapanda na kushuka mlima asubuhi kwenye matope, na utataka kuijua njia hiyo wewe kwanza. Uliza pia zahanati ya karibu ina dawa au ina jengo tu, na mama mjamzito anashushwaje usiku.

Bisibisi zako usiziache Tanga. Hilo nalisema kwa mkazo. Umeme umefika vijiji vingi vya huko kupitia REA, wakala wa serikali wa nishati vijijini, na kuunganishwa kijijini ni shilingi 27,000, lakini simu ikiharibika mtu anaituma Muheza kwa dereva na kuisubiri wiki. Meza ndogo sentani, pale penye maduka ya kijiji, siku mbili tatu kwa wiki, itakupa hela ya chumvi na itakupa pia habari: nani anavuna, nani anauza, mchuuzi gani amekuja na bei gani. Utakopwa, hilo lipo. Watakwambia "nitakulipa iliki ikitoka." Weka daftari, na usitengeneze simu ya pili kabla ya ya kwanza kulipwa, hata kama ni mjomba.

Ng'ombe wa maziwa najua utaniuliza. Tanga ni mkoa wa maziwa, ushirika wa wafugaji wa TDCU upo tangu 1993, na maziwa yana sifa moja ambayo iliki haina: yanaleta hela kila siku. Lakini ng'ombe wa kufungia bandani anataka majani kila asubuhi, na kwa mwaka wa kwanza utakuwa huna hata mita moja ya mabingobingo uliyopanda. Panda majani mwaka huu kwenye kingo za makinga maji, yatazuia na udongo kuteremka, kisha mwaka wa pili tafuta vikundi vya kopa ng'ombe lipa ndama. Vanila niachie. Inachavushwa ua moja moja kwa mkono, na wanaokuletea habari zake mara nyingi wanauza miche.

Kwa hiyo jibu langu: nenda, lakini usihame. Mwaka wa kwanza uwe mtu wa wiki mbili huko na wiki mbili Tanga, au siku nne kwa tatu, vyovyote nauli itakavyoruhusu. Katika milioni tatu na nusu, toa gharama za mirathi na mipaka, toa za kusafisha shamba la zamani na vichanja, na karibu nusu ya fedha yote ibaki imelala mahali ambapo huwezi kuigusa kwa hasira ya siku moja. Pori lisifyekwe mpaka maandishi ya familia yametoka. Wanakijiji watakupima miezi ya mwanzo. Huko bado wewe ni mtoto wa marehemu uliyekulia mjini, na mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Lichukue. Nenda kwenye maziko, nenda kuchimba barabara siku ya msaragambo, salimia "onga mshi" hata kama Kisambaa chako kimepauka. Siku mwizi atakapoingia shambani, hao ndio watakaopiga kelele.

Na kabla ya yote haya, panda gari Ijumaa hii ukakae na mama. Muulize taratibu, mkiwa wawili, kama mavuno ya msimu huu bado ni yenu. Wazee wengi wakiuguliwa huuza iliki ikiwa bado ua, mchuuzi anatoa fedha ya hospitali na kusubiri punje. Muulize pia daftari la duka lina jina la baba kwenye ukurasa gani. Asione aibu kukwambia. Deni la marehemu hulipwa kutoka kwenye mali yake kabla ya kugawana, na huenda ekari nne ulizoniandikia zina mwenye kuzidai ambaye si baba mdogo, si kaka wala dada. Ukishajua ni kiasi gani, niandikie tena, nami nitakupigia upya hesabu ya ile milioni tatu na nusu.